Ukuta Kwanza, Luku Baadaye

Wasee wengi wakiingia keja mpya Roysa ama Pipeline, kitu ya kwanza kununua ni taa za LED za kubandika. Ya pili ni wolpepa ya marmar. Ya tatu ni kioo kirefu cha kupigia picha. Wiki ya kwanza keja inabamba mbaya, simu zinatolewa, mabeshte wanakwambia umeomoka. Halafu mvua ya Aprili inakam. Wolpepa inaanza kujikunja kwa kona, taa zinabanduka usiku moja moja, na nyuma ya kitanda kunatokea madoa meusi na harufu ya nguo ililala na maji. Ganji yote ya mwezi mzima imeishia hapo.

Mimi naamini kila msee anaishi keja ya kukodi anastahili kuishi fiti saa hii, bila kungoja ile siku atanunua ploti Kitengela. Na naamini mingi ya hiyo kazi unaeza fanya na mikono yako, wikendi, na vitu za hadwea ya hapo mtaani. Lakini kuna mpangilio, na mpangilio ndio wasee huruka. Ukuta inakam kwanza. Luku ni ya mwisho kabisa.

Cheki vile keja za Nai hujengwa. Ukuta nyingi ni mawe ya kukatwa na mashine, yale hutoka machimbo ya Ndarugo huko upande wa Juja. Juu ya mawe kuna plasta ya simiti na mchanga, na juu ya plasta kuna rangi ya maji, mara nyingi ile ya bei ya chini kabisa. Plasta mpya inataka kama wiki 4 ndio ikauke vizuri. Landi mwenye ako na haraka ya renti hawezi ngoja hizo wiki 4, so anapaka juu ya unyevu na anakupea kifunguo. Pitisha kiganja kwa ukuta yako sahi. Kikitoka na unga mweupe, hakuna kitu itashika hapo. Gundi ya taa itashika unga, na unga haujashika ukuta.

Sasa, unyevu. Hapa nataka tukae kidogo, juu hapa ndio ganji ya vijana hupotelea.

Ukiona doa, usikimbilie rangi. Kata kipande cha nailoni, hata ile ya kufunika vitabu vya shule, saizi ya daftari kubwa. Panguza hapo kwa doa, bandika nailoni na selotepu pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili, kisha urudi uangalie vizuri. Ukipata matone ndani, katikati ya nailoni na ukuta, hiyo maji inatoka kwa ukuta yenyewe. Ukipata nailoni imelowa nje, ule upande unaangalia chumba, basi maji inatoka kwa hewa ya keja yako. Hizo ni ngori mbili tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu ingine.

Maji ya hewa ni ya kila siku kwa bedsita. Unapikia, unaogea na unalala ndani ya chumba kimoja, na kamba za nje zikijaa unaanika nguo hapo hapo. Mvuke wote unatafuta mahali baridi, na mahali baridi ni ile ukuta ya nje, nyuma ya kabati na nyuma ya kitanda, penye upepo haufiki. Dawa yake haina gharama. Vuta kitanda na kabati ziachane na ukuta kama kiganja kimoja. Funika sufuria ukichemsha. Fungua dirisha asubuhi hata kama kuna baridi ya Julai, na mlango pia kama ploti iko na usalama, ndio hewa ipite upande mmoja itokee upande mwingine. Kama bafu iko na kale kadirisha kadogo kamezibwa na gazeti, toa hilo gazeti leo.

Maji ya ukuta ni hadithi ingine. Kama unaishi chini kabisa, groundi, na unyevu unaanzia sakafuni unapanda hadi kiunoni, hiyo ni maji ya ardhi. Mjengo ikifanywa vizuri, kuna karatasi nyeusi huwekwa juu ya msingi, mafundi huiita DPC, kazi yake ni kuzuia hiyo maji isipande. Ikirukwa, ama ikipasuka, mawe inanyonya maji na inapanda na chumvi. Hiyo chumvi ndio unaona ikitoka kama vumbi nyeupe na kusukuma rangi ibambuke. Kama doa iko juu, cheki nani ako upande ule mwingine. Mara nyingi ni bafu ya jirani ama paipu inavuja ndani ya ukuta. Zote mbili ni mboka ya landi. Usizifunike na paneli za plastiki, juu maji itazidi kujificha nyuma na plasta itaoza bila wewe kuona. Piga picha ya ile nailoni ikiwa na matone, na tarehe, mtumie kwa WhatsApp. Landi anaeza bishana na mdomo wako, lakini picha ya maji ndani ya ukuta yake ni ngumu kukataa.

Na kama bado unatafuta keja, hii ndio njia ya kuchanuka kabla hujatoa dipo: enda kucheki baada ya mvua. Ingia, funga mlango, nusa. Shika ukuta chini, nyuma ya mlango, pahali kerateka hajapaka rangi ya jana. Keja ikinuka rangi fresh kwa ukuta moja peke yake, uliza ni nini ilikuwa hapo.

Ukishajua maji inatoka wapi na imezuiwa, ndio sasa unashika vifaa. Yale madoa meusi ni fangasi, na fangasi haipakiwi rangi, inauliwa. Changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 4 za maji, vaa glavu, fungua dirisha, pakaa na sponji, ngoja kama robo saa, panguza, acha ikauke kabisa. Na tafadhali sikiza hii vizuri: usiwai changanya Jik na asidi ya kusafisha choo ama dawa ingine yoyote. Inatoa gesi ya klorini, na kwa bafu ndogo bila dirisha hiyo gesi inaeza kukuumiza mapafu kabla ujue ni nini inafanyika.

Kisha skrepa. Toa kila rangi imelegea, hata kama inaumiza roho kuona ukuta ikikaa mbaya kuliko mwanzo. Ziba mashimo na nyufa na fila, acha ikauke, piga sandpepa. Kuna fundi wa Kariobangi alinionyesha kitu hapa ambayo sijai iacha. Alizima taa ya chumba, akaweka tochi ya simu kama imelalia ukuta, mwanga ukapita kwa pembeni. Ile ukuta nilidhani imenyooka ikatoa mabonde na vilima. Kila kinundu kilitupa kivuli. Akapitisha kiganja, akasimama, akarudi na sandpepa hapo tu, mizunguko midogo, akamulika tena hadi kivuli kikapotea. Macho ya mchana hayaoni hizo vitu, lakini ukipaka rangi ya kung'aa na uwashe taa zako za pembeni, kila kosa litaonekana. Hapo ndio nilielewa kwa nini keja za wasee wengine hukaa ghali na ni rangi ile ile ya hadwea.

Rangi sasa. Pima kabla ya kununua, juu kukosa rangi katikati ya ukuta na ukirudi hadwea upewe mkebe umechanganywa siku ingine ni hasara. Sema bedsita yako ni mita 3 kwa 4, na ukuta zina urefu wa mita 2.5. Ukizunguka chumba ni mita 14, mara 2.5 inakupea 35. Toa mlango na dirisha, kama 4, inabaki 31. Koti mbili ni 62. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama skwea mita 10 kwa ukuta laini, na inashuka hadi 8 ama chini kama ukuta inakunywa. So unataka lita 7 ama 8, yaani mikebe miwili ya lita 4. Ukishajua hiyo hesabu, muuzaji hawezi kukuuzia ndoo ya lita 20.

Nunua rangi inaeza oshwa. Ile ya bei ya chini huacha unga kwa jaketi, na ukijaribu kutoa doa la mchuzi unatoa rangi pia. Kama unapaka dari pia, anza nayo, halafu kona na kando za madirisha na brashi, halafu rola kwa zile sehemu kubwa. Koti ya kwanza juu ya fila iongezwe maji kidogo ndio inyonywe vizuri. Usirudie kupitisha rola penye rangi imeanza kukauka, itavutana. Ngoja masaa mkebe umesema, halafu koti ya pili. Bedsita moja ni mboka ya wikendi, na ukiita beshte mmoja wa kushika ngazi na kuchagua ngoma, inaenda haraka zaidi.

Kutoboa ukuta ndio kitu huogopesha wengi. Ukigonga msumari wa kawaida kwa hizo mawe unajikunja, ama plasta inaanguka kipande kizima. Unataka drili yenye inagonga ikizunguka, biti ya simiti, na rolplagi. Biti namba 8 kwa plagi namba 8, hiyo ni shelfu ya kawaida ya vitabu. Weka alama na penseli, anza polepole bila kugonga, tundu likishashika ndio uwashe hama. Kunja bahasha ya karatasi, ibandike chini ya tundu, itakusanya vumbi yote. Usitoboe moja kwa moja juu ama chini ya swichi au soketi, juu nyaya hupita ndani ya ukuta kwenda juu na chini hapo. Na drili si lazima ununue. Uliza fundi wa mtaa, wengi hukodisha kwa siku, na akikuona uko serious atakuonyesha vile inashikwa.

Stima iachie fundi wa stima. Nasema hivi kwa roho safi. Umeme wetu ni volti 240, na plagi ya miguu mitatu huwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni kama wati 3,000. Birika ya umeme pekee inakula kama 2,000, pasi inaongeza 1,000 na kitu. Ekstensheni moja ikibeba zote mbili na tenje na friji, inaanza kupata moto polepole nyuma ya kochi penye huoni. Shawa ya moto inapita hizo wati yenyewe, so inataka waya yake mnene, swichi yake, na athi ya ukweli. Tafuta fundi ako na leseni ya EPRA. Ukihisi hata mtekenyo mdogo ukigusa bomba la shawa, zima swichi na uwache kuoga hapo hadi acheki.

Fanicha ndio sehemu tamu. Paleti ziko mob Industrial Area, na kuna wasee huziuza. Kabla ulipe, geuza paleti utafute muhuri wa moto kwa mbao. Ukiona HT, hiyo mbao ilitibiwa na joto, iko sawa kwa keja. Ukiona MB, ilipigwa na dawa ya methyl bromide, wacha hiyo, usiilete mahali unalala. Isiyo na muhuri kabisa pia iache, juu hujui ilibeba nini. Paleti za mita 1.2 kwa 1 ni za kawaida. Panga mbili zifuatane, unapata mita 1.2 kwa 2, na matresi ya 4 kwa 6 ni kama mita 1.22 kwa 1.83. Inalala hapo vizuri na inabaki kajukwaa ka kuweka simu na kitabu. Na juu paleti iko na nafasi kati ya mbao, hewa inapita chini ya matresi, so ule unyevu tumepigana nao hauna pahali pa kukaa.

Lakini fanya kazi yake. Ng'oa misumari zimetokeza, gonga zile zimebaki ziingie ndani. Sandi na namba 80 kwanza, halafu 120, umalizie na 240 hadi mkono upite bila kushikwa. Anika juani siku kadhaa na mwaga maji moto kwa nyufa, juu kunguni wakishaingia keja utawajua kwa miezi. Vanishi koti mbili, nje, penye kuna upepo.

Kama unataka chuma, enda Kamukunji. Hakuna mahali Nai hunipa heshima kwa mkono wa mtu kama hapo. Kelele ya nyundo inakupokea ukiwa bado mbali. Wasee wanakunja mabati kwa jicho tu, masanduku ya shule, majiko, sufuria, wilbaro, yote inatoka kwa mabati na madramu ya zamani. Usiende na picha ya mtandao peke yake. Enda na vipimo umechukua na tepu, na mchoro hata kama ni mbaya, yenye imeandikwa urefu, upana na kimo. Uliza ni chuma ya unene gani, na mwambie apige red oksaidi kabla ya rangi ya juu ndio isishike kutu, haswa kama ni shelfu ya karibu na sinki. Bargain kwa adabu, kisha usiende. Kaa uangalie. Ukikaa lisaa limoja hapo utajua vile pembe hupimwa, vile weldi nzuri hukaa, na siku ingine hutauziwa weldi ya kupakwa rangi juu.

Kwa wenye bado wako kwa mathe, kama vile Buru, estate ya fezi tano zilianza kujengwa miaka ya 70, mara nyingi kuna kagaraji ama nafasi ya gari mbele yenye imejaa viti zimevunjika na mitungi tupu. Hapo kuna wokshop. Omba mathe ruhusa na umwambie mpango wako wote. Toa vitu, uza chuma kwa wenye skrepu, fagia. Doa la oili kwa simiti limwagie unga wa simiti ama vumbi la mbao, liache likae usiku, fagia asubuhi, halafu sugua na sabuni na maji moto. Weka taa moja nyeupe juu ya meza, piga shelfu ndefu ukutani, na meza iwe kimo cha kiuno chako ndio mgongo usiumie. Mlango uwe wazi kila saa unapaka vanishi ama rangi ya mafuta. Najua wasee walianza na kurekebisha viti vya jirani kwa garaji za hivyo na sahi wanapokea oda za makanisa.

Turudi kwa landi, juu yeye ndio mwenye ukuta. Bonga na yeye kabla ugonge hata msumari mmoja. Ofa yenye hukubalika ni hii: anunue rangi, wewe utoe kazi. Ama wewe ununue rangi na yeye akate kitu kwa renti ya mwezi mmoja. Mkikubaliana, iandike kwa meseji, upige picha za ukuta vile zilikuwa, na uzitume kwa hiyo chat. Wengine watakataa, na hapo pia umejua: kaa na paleti na shelfu za kusimama, vitu utabeba ukihama, na usitupe jasho yako kwa ukuta ya mtu hataki.

Ukuta ikishakauka na iko laini, sasa toa zile taa za LED. Panguza njia yake na spiriti kidogo, bandika polepole, finya kila kipande kwa kidole. Zitashika. Na kabla utupe mkebe wa rangi, mimina ile imebaki kwa chupa ndogo ya kioo, andika namba ya rangi na tarehe, weka chini ya kitanda. Siku ya kuhama, fungua shelfu, ng'oa plagi, jaza mashimo na fila, sandi, gusa na hiyo rangi. Kerateka akikam kucheki keja na daftari yake, washa ile tochi ya pembeni mwenyewe umpee ashike.